Mibonyezo Miwili kutoka Punia

Mvua za mwezi wa tisa zilipoanza kunyesha juu ya Kindu, kumbikumbi walitoka ardhini kwa wingi, hata taa ya mafuta ya barazani ikafunikwa na mabawa yao. Watoto walikimbia na mabeseni ya maji, mama zao wakaweka vikaango motoni. Katika msimu mmoja wa namna hiyo, Scholastique Alua alikuwa msichana mwembamba mwenye vidole virefu, mwanafunzi wa masista, aliyekuwa akijifunza kupiga mashine ya kuandikia bila kutazama herufi. Sista aliyewafundisha alifunika mikono yao kwa kitambaa cheupe na kusema kwamba mkono uliofundishwa vizuri hauhitaji macho. Scholastique aliyaamini maneno hayo kama alivyoiamini katekisimu.

Chumba chake na cha mdogo wake Mardochée vilitengwa na ukuta wa mbao. Mtoto yule aliogopa ngurumo. Kila ilipopita moja, aligonga ubao mara mbili, na maana yake ilikuwa neno moja: nipo. Dada naye aligonga mara mbili, ndipo usingizi ulipowachukua wote wawili.

Baba yao, mzee Kalonda, alitunza chombo cha foni, redio ya kuitana na miji ya mbali, katika stesheni ya reli. Kilikuwa sanduku la chuma lililolishwa na betri ya gari, lenye uzi mrefu wa kunasia sauti uliofungwa baina ya michikichi miwili. Kwa kuwa alifundishwa na watu wa zamani, hakupenda kuliita foni. Aliliita sanfili, neno la Kifaransa la kitu kinachosema bila waya. Mardochée alipokuwa mdogo alidhani Bwana Sanfili ni mtu anayeishi ndani ya sanduku, na siku moja alimwekea kumbikumbi wa kukaanga nyuma yake, kwenye kipande cha jani la mgomba. Mzee alipomkuta alicheka hata akafuta machozi.

«Sanfili hali nyama, mwanangu. Anakula maneno tu.»

Kisha akawafundisha watoto wake desturi ya kazi. Ikiwa kinywa hakiwezi kusema, kwa sababu betri imechoka au kwa sababu yupo mtu asiyepaswa kusikia, bonyeza kitufe cha kisemeo mara mbili. Mwenzako atasikia mlio mkavu, tk, tk, naye atajua kwamba upo. Mafundi wote wa foni waliijua alama hiyo, kutoka Kindu mpaka Kalima, na kutoka Kalima mpaka Punia.

Mardochée alirithi kazi ya baba yake. Alipokuwa mtu mzima, mfanyabiashara mmoja alimwajiri kutunza foni ya ghala lake huko Punia. Kwa kuwa njia ya msituni ilikuwa mbaya, alimwacha mkewe Kindu pamoja na binti yao mchanga, Nicole, chini ya macho ya dada yake. Alisema atarudi kuwachukua mvua zikipungua. Kabla mvua hazijapungua, vita vikaja.

Wazee wa Kindu wanapozungumza juu ya miaka ile hushusha sauti, hata leo. Mji ulikaa mikononi mwa askari, na baadaye ukazingirwa pande zote, na mtu aliyevuka mto Lualaba kwenda shambani alikuwa ameaga. Watu walipanda mboga za lengalenga nyuma ya vyoo na katika makaburi. Scholastique alikuwa akipiga mashine katika ofisi ya parokia, na padre alimruhusu kukaa mbele ya foni ya misheni kila alasiri, saa Punia ilipofungua foni yake.

«Kindu, Kindu. Dada, unanipata?»

«Nakupata muzuri. Sema.»

«Mutoto ameota meno?»

«Mawili. Na yote anauma watu nayo, kama baba yake.»

Alicheka kule mbali, na kicheko chake kilifika Kindu kimekatikakatika, kama nguo iliyoliwa na nondo. Kisha ikaja siku ambayo wenye silaha walikataza watu wa Punia kusema hewani. Tangu hapo Mardochée alibonyeza tu. Tk, tk. Dada alijibu mara mbili, akaenda nyumbani kumwambia mama yake Nicole kwamba mumewe yupo. Katika Juma Takatifu kukawa kimya. Jumatatu kimya, Jumanne kimya. Siku ya Jumatano mlio ukasikika: tk, tk. Alijibu, akangoja, na hakusikia tena neno wala mlio.

Muda mrefu baadaye akafika mchuuzi wa chumvi aitwaye Tambwe, aliyekuwa ametembea kwa miguu toka Punia kwa njia za panya. Alikaa kwenye kigoda, akakataa maji kwanza, akasema:

«Waliingia Jumatatu ya Juma Takatifu. Mardochée alikuwa mbele ya foni. Tulimuzika nyuma ya ghala, mie na wengine. Pole, mama.»

«Jumatatu?»

«Jumatatu.»

«Jumatano alinibonyezea,» alisema Scholastique. «Wewe ulizika muntu mwingine.»

Tambwe alitazama chini. «Mama, mie nilimujua hata namna yake ya kufunga kiatu.»

Scholastique aliinuka, akaingia ndani. Kwa hiyo matanga ya Mardochée hayakuwekwa. Hakuna mkeka uliotandikwa, hakuna aliyenyoa nywele. Mke wake alingoja mpaka akachoka kungoja, akaolewa Kailo. Nicole alibaki kwa shangazi yake, na kila alipouliza habari za baba, aliambiwa: baba yako alibonyeza Jumatano.

Miaka ikapita. Vita vilikwisha, au walau viliondoka Kindu. Pikipiki zilijaa barabara za mtaa wa Kasuku, na simu za mkononi zikafanya foni zipate kutu. Scholastique, ambaye sasa watu wote walimwita Mama Scola, alikuwa karani wa ofisi ya ushirika wa wakulima wa mpunga. Nicole alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na kijana mmoja wa Kailo aitwaye Espoir, mwashi mtulivu, aliomba kumwoa. Wazee wa Espoir walikuja mara moja, wakanywa chai, wakaondoka na mbuzi wao.

Baba mdogo wa ukoo, mzee Asumani, alimweleza Scholastique sababu kwa upole, huku akizungusha tasbihi.

«Wamesema hivi: hawawezi kuleta mbuzi kwa muntu ambaye haiko juu ya udongo wala chini yake. Kama Mardochée anaishi, ajitokeze apokee. Kama amekufa, tuweke matanga, halafu wewe shangazi usimame pahali pake. Neno iko kwako, binti yangu. Wewe njo dada mukubwa.»

«Nitafikiri, baba mudogo.»

«Umefikiri tangu Nicole anatambaa.»

Ilikuwa katika majuma hayo kipanya cha kompyuta yake kilipoharibika. Kilikuwa kipanya cha zamani chenye waya, na waya wake ulikuwa umechubuka kwa kukwaruza ukingo wa meza, hata mshale ukawa unagandaganda. Msimamizi alimwambia aende mwenyewe akachague kingine, kwa sababu mkono ni wake. Alikwenda na Michel, mhasibu wa chumba cha pili, mtu wa mzaha, ambaye naye alihitaji kipya. Duka la Didier lilikuwa karibu na soko, limejaa nyaya na chaja zilizotundikwa kama samaki wa kukausha.

«Mama Scola, karibu. Unatafuta ya kazi ao ya michezo?»

«Ya michezo njo ipi?»

«Hii. Angalia mataa: nyekundu, buluu, kijani. Iko mbio sana. Vijana wanauana nayo ndani ya kompyuta mupaka jua linatoka.»

«Ya kuuana nimeona ya kutosha,» alisema Mama Scola. «Weka kando.»

Didier akapanga vingine juu ya kioo. Kulikuwa na kidogo bapa cha kubebea safarini. Kulikuwa na kikubwa chenye mgongo wa mviringo, kinachojaza kiganja na kubonyezwa bila mlio. Kulikuwa na viwili vya ukubwa wa kati kwenda chini, ndugu mapacha, vyeusi.

«Chukua hii kubwa,» alishauri Michel. «Na hii mikono yako ya mucheza basketi, ile ingine itapotea chini ya vidole, tutaanza kuitafuta.»

«Heshimu mama yako,» alijibu, akicheka kidogo. Kisha akamwuliza Didier: «Kama haina waya, inasema na mashine namna gani?»

«Ndani ya hewa, mama. Kuna kipokezi kadogo kama ukucha, unachomeka pembeni. Unabonyeza hapa, kule kinasikia. Njo sanfili.»

Neno lile hakuwa amelisikia tangu baba yake alipozikwa. Alisimama mbele ya kioo muda mrefu kuliko mteja anavyosimama. Kisha akafumba macho, akachukua vipanya kimoja kimoja, akavibonyeza mara mbili karibu na sikio.

Didier alimnong'oneza Michel: «Huyu mama yako anachagua kipanya ao anagonga nanasi?»

Kile kikubwa hakikutoa mlio, akakirudisha mara moja. Cha taa kililia kwa sauti nyororo. Pacha mmoja wa vile vyeusi alilia mlio mkavu, mfupi, kama kijiti kinachovunjika: tk, tk.

«Njo hii,» alisema.

«Mama, itakuumiza kiganja,» alisema Michel. «Kiko kadogo.»

«Nimesema njo hii.»

Michel akachukua pacha wake, ili naye asihangaike kuchagua.

Kiganja kiliuma kweli. Vidole vyake vilining'inia mbele ya kipanya, na jioni kifundo cha mkono kilikuwa moto. Lakini alifungua mafaili kuliko kazi ilivyodai, na wakati mwingine alibonyeza mara mbili mahali patupu pa kioo cha kompyuta, pasipo na kitu cha kufunguka, akangoja. Hakumwambia mtu.

Siku moja ya Ijumaa, mvua kubwa ilinyesha mchana, na mabati ya ofisi yalinguruma hata mtu asiweze kusikia mlango wa pili. Mama Scola alikuwa amerudi kutoka kula. Alikaa mbele ya kompyuta, mikono mapajani, akisoma barua ya wakulima. Hakuwa amegusa kitu. Mshale ukatikisika.

Ulikwenda kushoto, ukaenda kulia, kwa haraka, kama mkono wa mtu anayepunga kutoka ng'ambo ya mto. Ukasimama. Faili moja likafunguka, na faili halifunguki ila kwa kubonyezwa mara mbili. Ukangoja. Faili la pili likafunguka. Kipanya kilikuwa kimelala mbele yake, hakuna mkono juu yake.

Aliinama karibu na kioo, akasema kwa sauti ile ya kusema hewani, sauti aliyokuwa hajaitumia tangu ujana wake:

«Nakupata. Sema.»

Mshale ulitetemeka, ukabaki palepale. Alingoja. Mvua iliendelea. Mwishowe alitoa leso yake, akakifunika kipanya kama anavyofunikwa uso mtu aliyelala, akatoka, akatembea mpaka nyumbani akilowa.

Jumapili, baada ya misa, ukoo ulikusanyika kwa mzee Asumani. Watu wa Kailo walikuwa wametuma neno: watakuja mara moja tu tena kuchukua jibu, na likikosekana watamtafutia Espoir mke mahali pengine. Mzee alimpa Scholastique nafasi ya kusema kwanza.

«Matanga haiwezekani,» alisema. «Ijumaa aliniita.»

Hakuna aliyecheka. Mzee Asumani aliacha kuzungusha tasbihi yake.

«Aliita kupitia wapi, binti yangu?»

«Hewani. Mara mbili, halafu mara mbili.»

Nicole alikuwa amekaa karibu na mlango. Alikuwa msichana aliyelelewa kwa adabu, asiyejibu wakubwa. Siku hiyo alisimama.

«Shangazi, kila mara anaita wewe. Mie hajaniita hata siku moja. Basi mie njo nani? Mutoto wa hewa?»

Alitoka nje, na mlango wa bati ukagonga nyuma yake. Scholastique hakulala vizuri. Kwa mara ya kwanza alihisi kwamba ile alama aliyoitunza kama sakramenti ilikuwa imekaa juu ya mtu, nayo ilikuwa nzito.

Jumatatu asubuhi Michel aliingia chumbani kwake akiwa ameshika kipanya chake kwa mkia ambao hakikuwa nao, yaani kwa vidole viwili, kama mtu anayebeba panya mfu.

«Mama Scola, Ijumaa huyu alikufa mukononi mwangu. Mie natikisa, natikisa, nabonyeza, hakuna kitu! Nilibadilisha hata betri. Kumbe mie njo mujinga. Wakati ulienda kula, nilikuja na flashi kuchukua hesabu ya mpunga kwa mashine yako, nikachomoa kipokezi chako kama nilivyochomoa cha kwangu, nipate nafasi, halafu nikavirudisha kinyume. Cha kwangu kiko kwako, cha kwako kiko kwangu. Si ni mapacha?»

Mama Scola aliinama kutazama kipokezi kilichochomekwa pembeni mwa mashine yake.

«Hauniamini? Angalia.» Michel alikaa kwenye kiti cha wageni, akaweka kipanya chake juu ya goti, akakisukuma kushoto na kulia. Kwenye kioo cha Mama Scola mshale ulipunga vilevile. Akabonyeza mara mbili. Faili likafunguka. «Unaona? Mie nafanya huku, kwako kunafunguka.»

«Ijumaa ulibonyeza mara mbili, ukangoja, ukabonyeza tena.»

«Eee. Namna ya kujaribu.»

«Ulijua kuna muntu upande wa pili?»

«Ningejua namna gani, mama? Nilitaka tu kuona kama chombo kiko kizima.»

Alisema hivyo akicheka, na akaendelea kucheka kidogo mpaka alipoona uso wa Mama Scola. Mama Scola alikuwa ameshika ukingo wa meza. Hakuwa akimwona Michel. Alikuwa anaona ghala la Punia, siku ya Jumatano, mlango umevunjwa, na mbele ya sanduku la chuma mtu asiyemjua, kijana pengine, bunduki imelazwa mapajani, amepata kitu kigeni chenye kitufe. Kijana yule anabonyeza mara mbili, anasikiliza, na mlio unamrudia mara mbili kutoka mahali asipopajua. Labda anacheka. Labda anawaita wenzake waje wasikie. Na nyuma ya ghala udongo ungali mbichi.

«Mama, nimekosa nini?» aliuliza Michel.

«Hukukosa, mwanangu. Mukono haujui unasema na nani.»

Alikaa hivyo mpaka jua lilipoingia dirishani. Aliikumbuka siku ile ya foni, jinsi yeye mwenyewe alivyojibu kwa furaha, na aliona vibaya sana kwamba salamu yake ya mwisho kwa mdogo wake ilipokewa na mtu mwingine. Kisha akamwomba Michel amsindikize tena sokoni, kwa sababu mapacha wasiojuana hawakai nyumba moja.

Didier aliwapangia tena vipanya vyote juu ya kioo.

«Tufumbe macho?» aliuliza kwa mzaha.

«Hapana. Nipe vya kushika.»

Safari hii aliweka kiganja chake juu ya kila kimoja, akauliza kama mtu wa kazi anavyouliza: betri inadumu namna gani, kinateleza kwenye meza ya mbao bila kitambaa, kipokezi chake kinakaa wapi kisipotee. Kile kikubwa chenye mgongo kilijaza mkono wake, na vidole vililala bila kuning'inia. Alibonyeza. Hakuna mlio. Didier alieleza kwamba kimetengenezwa hivyo kwa ajili ya ofisi, kisisumbue wenzio.

«Unaweza kukizoea?» aliuliza Michel kwa upole.

«Nitajifunza.»

Kutoka dukani hakurudi ofisini. Alipanda pikipiki mpaka kwa mzee Asumani, akamkuta akitawadha, akangoja mpaka amalize sala. Mzee alipotoka, Scholastique alipiga goti moja, kama binti anavyofanya mbele ya baba.

«Baba mudogo, Tambwe alisema kweli. Jumatatu njo Jumatatu. Tandikeni mukeka.»

Mzee alimshika kichwa kwa mikono miwili.

Matanga ya Mardochée Kalonda yaliwekwa katika uwanja wa mzee Asumani, bila maiti, kwa picha moja ndogo na shati moja. Scholastique alinyoa nywele zake zote. Tambwe mchuuzi, ambaye sasa alikuwa mzee asiyeona vizuri, aliletwa kwa mkono, akaeleza mbele ya watu mahali alipochimba, na mti uliokuwa karibu, na maneno waliyoyasema juu ya kaburi. Nicole alikaa karibu yake, akamwomba arudie habari ile ya namna baba yake alivyofunga kiatu. Alirudia. Binti huyo alilia sana siku hiyo, na shangazi yake hakumnyamazisha.

Juma lililofuata watu wa Kailo walifika kuchukua jibu. Walisimama kwenye lango na mbuzi dume mwenye mabaka, kisha msemaji wao akauliza, kama desturi inavyotaka, baba wa mtoto yuko wapi.

Scholastique Alua alitoka mbele, kichwa chake kikiwa bado wazi, akajibu kwa sauti iliyosikika mpaka kwa majirani: «Baba ya mutoto iko chini ya udongo ya Punia. Mimi njo nasimama pahali pake.» Akapokea kamba ya mbuzi kwa mikono miwili, akampeleka nyuma ya nyumba, akamfunga penye kivuli, akampa maji.